Neno "Boycott": Lilikotoka na Maana Yake Kwetu

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo





Nilipoombwa kuzungumza nanyi, katibu alinipatia muhtasari wa kikao chenu kilichopita. Humo nilisoma kwamba wakulima wa viazi mmechoshwa na wanunuzi wanaowalazimisha kufunga lumbesa, yaani gunia lililoongezewa juu mpaka likapita kipimo cha halali, huku bei ikibaki ileile ya gunia moja. Mmeazimia mambo matatu. Kwanza, mtu yeyote asiwauzie wanunuzi hao. Pili, asipatikane wa kuwapakilia mizigo wala wa kuwapangisha chumba. Tatu, mkulima atakayekiuka azimio hili atengwe naye: asisalimiwe, asisaidiwe, na msiba ukimfika wenzake wasiende kuzika. Pembeni mwa ukurasa mtu ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja la Kiingereza, "boycott", akaweka na alama ya kuuliza.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Si mwanasheria wala si mwanateolojia. Kwa hiyo nitaanzia pale penye alama ya kuuliza, kwenye neno lenyewe, na mengine yatafuata.

Kiswahili kinalo neno lake, kususia, nalo limetokana na kususa. Maana yake wote tunaifahamu kutoka nyumbani. Mtoto amekaripiwa, anasukuma sahani pembeni, anageuza uso ukutani na kusema hali. Wahenga walilitazama jambo hilo wakacheka: ukisusa, wenzio twala. Anayesusa peke yake hulala na njaa, na sufuria hukwanguliwa vilevile. Basi neno letu limetoka kwenye mkeka wa chakula, na ndani yake limebeba onyo kwamba hasira ya mmoja haimnyimi mtu usingizi. Neno la Kiingereza limetoka shambani, na kabla ya kuwa neno lilikuwa jina la mtu.

Mtu huyo aliitwa Charles Cunningham Boycott. Alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka 1832. (Ukoo wake uliliandika jina hilo kwa namna nyingine, Boycatt, mpaka yeye alipokuwa mtoto, herufi moja tu, nasi leo tungekuwa tunajadili neno jingine.) Aliwahi kuwa ofisa wa jeshi kwa muda mfupi, kisha akabaki Ireland kulima. Katika miaka ya 1870 tunamkuta Mayo, magharibi ya Ireland, kando ya ziwa liitwalo Lough Mask, karibu na mji mdogo wa Ballinrobe. Alilima shamba kubwa alilokodi, na papo hapo alikuwa msimamizi wa ardhi ya kabaila mmoja, Lord Erne, ambaye alimiliki zaidi ya eka 40,000 katika sehemu mbalimbali za nchi. Kazi ya Boycott ilikuwa kukusanya kodi ya mashamba kutoka kwa wapangaji, na kuwatafutia hati za kufukuzwa wale walioshindwa kulipa.

Ili tuwaelewe wapangaji hao, hatuna budi kukumbuka walikotoka. Ireland ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila ambao wengi wao hawakuishi hata karibu nayo. Mkulima alikula viazi. Nafaka na mifugo vililipa kodi. Mwaka 1845 viazi vilishikwa na ugonjwa, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja wakaihama nchi. Watu walitolewa nyumbani mwao katika njaa hiyohiyo, mapaa yakabomolewa wasipate kurudi. Mwaka 1879 mvua ikazidi, viazi vikaoza tena. Wazee walioiona njaa ya kwanza walikuwa bado hai. Ninyi mlimao viazi mwaweza kufikiri jinsi walivyoitazama mashina yale yakisinyaa.

Ndipo mwezi Oktoba 1879 ikaundwa Jumuiya ya Ardhi ya Ireland. Mwanzilishi wake mkuu, Michael Davitt, alikuwa mwana wa Mayo, ambaye familia yake ilifukuzwa shambani yeye akiwa mtoto mdogo. Rais wake, Charles Stewart Parnell, alikuwa Mprotestanti na mwenye ardhi. Naomba mwangalie jambo hilo: dini na mali havikumzuia kuona.

Tarehe 19 Septemba 1880 Parnell alihutubia mkutano mkubwa mjini Ennis. Aliuliza umati: je, mtu anayechukua shamba alilofukuzwa mwenzake afanywe nini? Sauti zikapazwa kwamba apigwe risasi. Parnell akajibu kwamba iko njia bora na ya Kikristo zaidi, itakayompa mkosaji nafasi ya kutubu. Aachwe peke yake. Akipita njiani asisemeshwe, dukani asihudumiwe, sokoni aepukwe, hata katika nyumba ya ibada akae pekee, kana kwamba ni mkoma wa zamani.

Ndugu zangu, hapa nataka tukae kidogo. Parnell aliwaondoa watu kwenye bunduki, na hilo si dogo. Siku sita tu baadaye kabaila mmoja wa upande huohuo wa nchi, Lord Mountmorres, aliuawa kwa risasi njiani. Lakini mfano wa mkoma ulinishtua nilipousoma mara ya kwanza, kwa maana sisi tunajua ni nani aliyenyosha mkono akawagusa wakoma. Tena tazameni ni nani aliyelengwa na hotuba ile. Hakulengwa kabaila, wala msimamizi wake. Alilengwa mkulima mdogo aliyechukua shamba la jirani yake. Ni mtu yuleyule wa azimio lenu la tatu.

Lililotokea Lough Mask siku chache baadaye lilikuwa la sura nyingine. Mavuno yalikuwa mabaya, na Lord Erne alikubali kupunguza kodi kwa asilimia 10. Wapangaji waliomba asilimia 25. Akakataa, na Boycott akachukua hati za kuwafukuza wapangaji 11. Tarehe 22 Septemba tarishi wa mahakama alipofika na askari kuzigawa, wanawake wa kijiji walimpokea kwa mawe na matope mpaka akarudi alikotoka. Kisha watu wakaenda nyumbani kwa Boycott, na watumishi wake wakaacha kazi, wa ndani na wa shambani. Mhunzi hakumpigia chuma tena. Dobi alikataa nguo zake. Wenye maduka wa Ballinrobe hawakumwuzia mkate. Mavuno yake yalibaki ardhini, naye na jamaa yake wakawa wanakamua ng'ombe na kulisha farasi kwa mikono yao wenyewe.

Paroko wa eneo lile, katika kijiji cha The Neale, alikuwa Padre John O'Malley. Wakati huo alitembelewa na mwandishi wa habari kutoka Marekani, James Redpath, na ni Redpath aliyetuachia habari ya namna neno lilivyozaliwa. Anasimulia kwamba walikuwa mezani, naye hali chakula, anafikiri. Padre akamwuliza kinachomsumbua. Akajibu kwamba anatafuta neno la kuliita jambo hili. Lile la kisomi lenye asili ya Kigiriki wakulima hawatalielewa. Padre akatazama chini, akajigonga paji la uso, akasema: mbona tusiseme tu "kumboycott"? Basi jina la msimamizi likageuka kitendo. Kabla mwaka haujaisha magazeti ya London yalikuwa yanalitumia, na haukupita muda Wafaransa, Wajerumani, Waholanzi, Warusi, hata Wajapani, wakawa nalo, kila mmoja akilitamka kwa ulimi wake. Ni maneno machache sana ya Kiingereza ambayo paroko wa kijijini aweza kudai kuwa ni mtoto wake.

Boycott naye aliandika. Barua yake ilitokea katika gazeti la The Times la London tarehe 18 Oktoba 1880, na Waingereza wengi walimhurumia. Wakachangishwa fedha, na tarehe 12 Novemba wakafika Lough Mask vibarua 50 Waprotestanti kutoka Cavan na Monaghan kuja kumvunia. Serikali iliogopa damu itamwagika, ikawapa ulinzi wa askari wapatao elfu moja. Padre O'Malley aliwasihi waamini wake wakae mbali, wasiwaguse vibarua wala askari. Mvua ilinyesha. Askari walilala kwenye mahema matopeni, wakachoma miti ya Boycott na kula mifugo yake. Kazi ilikwisha baada ya wiki mbili, na hesabu ikafanywa: kuvuna mazao yenye thamani ya kama pauni 500 kulikuwa kumegharimu si chini ya pauni 10,000. Tarehe 27 Novemba Boycott na mkewe waliondoka katika gari la wagonjwa la jeshi, kwa kuwa hakupatikana mtu wa kuwakodisha gari wala wa kuliendesha. Mwanzoni mwa Desemba walivuka bahari kwenda Uingereza.

Hadithi hiyo husimuliwa kwa furaha, nami huisimulia hivyo darasani. Hata hivyo barua ya Boycott ina jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Anaandika kwamba mhunzi wake alipata barua ya kutishiwa kuuawa. Tena anaandika kwamba mtoto wa miaka 12, aliyekuwa akimchukulia mfuko wa barua kutoka Ballinrobe, alipigwa njiani na kutishwa asiifanye kazi hiyo tena. Mtu aweza kusema Boycott alikuwa anajitetea. Huenda. Lakini vitisho vya namna hiyo vilikuwa vya kawaida mahali pengi Ireland miaka ile, na sina sababu ya kumhesabu mtoto yule kuwa ni uwongo. Basi neno hili lilizaliwa na pacha wawili. Mmoja ni mkulima anayeiondoa mikono yake katika kazi ya anayemdhulumu. Wa pili ni mtoto aliyepigwa kwa sababu ya mfuko wa barua.

Kanisa lilipata taabu na pacha hao. Mapadre wengi wa Ireland walikuwa upande wa wapangaji, na baadhi ya maaskofu vilevile. Mwaka 1887 Baba Mtakatifu Leo XIII alimtuma Askofu Mkuu Persico kwenda kutazama hali. Mwezi Aprili 1888 Roma ilitoa jibu: kususia kwa namna ile si halali. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba mahakama zilikuwapo za kupunguza kodi zisizo za haki, na kwamba ni kinyume cha haki na mapendo kumtesa kwa kumtenga mtu ambaye yuko radhi kulipa kodi aliyokubali, au aliyechukua shamba lililo wazi. Watu walinung'unika sana. Wabunge Wakatoliki walisema waziwazi kwamba siasa ya nchi yao haiamuliwi Roma. Tarehe 24 Juni 1888 Papa akaandika waraka, Saepe Nos, kulithibitisha jibu hilo. Miaka mitatu baadaye Papa huyohuyo aliandika Rerum Novarum, ambamo wafanyakazi walitambuliwa haki ya kuungana na kudai ujira wa haki.

Nimewahi kusikia watu wakizitumia nyaraka hizo mbili kupigana, mmoja akishika ule wa 1888 na mwenzake ule wa 1891. Kwa maoni yangu Roma haikuiona vema njaa ya Mayo. Mahakama haimsaidii mtu ambaye paa lake limekwisha bomolewa. Lakini juu ya yule jirani mdogo anayetengwa, iliona jambo ambalo watu wa Mayo wenyewe, katika joto la mapambano, hawakutaka kuliona.

Nasema hivyo kwa sababu ya yale neno hili lililotenda baadaye. Tarehe 1 Aprili 1933 utawala wa Hitler uliamuru maduka ya Wayahudi yasusiwe. Wanamgambo walisimama milangoni na mabango. Neno lilikuwa lilelile la paroko wa The Neale, ila sasa wenye dola walilitumia kumkaba asiye na mtetezi, na sote tunajua lililofuata. Karibu na kwetu, Unguja mwaka 1958, baada ya uchaguzi wa mwaka uliotangulia, wafuasi wa vyama vilivyoshindana walisusiana maduka, maskwota wakafukuzwa mashambani, na vijijini watu wa chama kimoja hawakwenda mazishini kwa wenzao wa chama cha pili. Sahihi za viongozi zilipatikana baadaye kutuliza mambo. Lakini mlango wa nyumba ya msiba ukifungwa mara moja, hauwi rahisi kufunguka.

Sitaki kuwaacha na upande huo peke yake. Mjini Montgomery, Alabama, Wamarekani weusi waliacha kupanda mabasi tangu tarehe 5 Desemba 1955, baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha abiria mzungu. Walitembea kwa miguu siku 381, wazee na wafanyakazi wa nyumbani, mvua na jua, mpaka sheria ya kuwabagua ndani ya mabasi ikaondoka. Tarehe 26 Juni 1959 mkutano ulifanyika London wa kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika ya Kusini. Mmoja wa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, Tanganyika ikiwa haijapata uhuru. Mwingine alikuwa Padre Trevor Huddleston wa Kanisa la Anglikana, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa Askofu wa Masasi. Chifu Albert Luthuli, rais wa ANC, alikiri kwamba kususiwa huko kutawaumiza Waafrika wenyewe. Akasema wako tayari kuilipa gharama hiyo ikiwa itaepusha damu. Kwangu mimi hayo ndiyo maneno yenye uzito kuliko yote katika historia ya neno hili. Wale watakaoumia waliulizwa, nao wakasema ndiyo.

Tuurudie basi muhtasari wenu.

Azimio la kwanza ni lenu na la mali yenu. Viazi ni vyenu, na hakuna amri ya Mungu wala ya serikali inayomlazimisha mkulima kuuza kwa hasara. Tena lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo; mkikataa kuifunga hamuvunji sheria bali mnaishika. Ningependa tu kuuliza kama mmekwisha kuwapelekea wahusika malalamiko yenu kwa maandishi, mkabaki na nakala. Wale wa Mayo waliomba kupunguziwa kodi kwanza, ndipo wakasusa. Na mkumbuke habari ya sufuria: viazi haviwezi kungoja kama pauni za kabaila. Nani atamkopesha mwenye deni la mbolea na ada ya shule katika wiki ya tatu, wakati mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi? Katika muhtasari wote sikuona mstari hata mmoja juu ya ghala wala juu ya mfuko wa kusaidiana. Watu wa Montgomery walipanga magari ya kubebana. Hawakutegemea hasira peke yake.

Azimio la pili nalikubali, mradi kijana wa kupakia mizigo asipigwe. Yeye ndiye mtoto wa mfuko wa barua.

Azimio la tatu linamhusu mwenzenu. Katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Bwana ameweka hatua: umwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, asiposikia, uende na mmoja au wawili, ndipo Kanisa lielezwe. Mwishoni awe kwako kama mpagani na mtoza ushuru. Nao tunajua, kutoka katika Injili hiyohiyo, Yesu aliketi na nani mezani, na tunajua pia kwamba mapokeo yanamtaja Mathayo mwenyewe kuwa alikuwa mtoza ushuru. Katika muhtasari wenu hatua ya kwanza ndiyo kutengwa, na hatua ya mwisho ni kaburi. Hakuna aliyeandika ni nani atakayemwendea mtu huyo nyumbani kwake jioni, peke yake, kumwuliza kilichomfanya auze.

Padre ameniambia kwamba baada ya chai mtagawanyika katika makundi. Ningeomba kundi la kwanza lianze na azimio la tatu, mkiwa bado na nguvu, na kwamba katibu awe na kalamu ya kufuta.